Udhuru wa mzee umeuita kisingizio?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Katika muhtasari wa kikao kilichopita niliandika hivi: "Wajumbe wanne hawakuhudhuria. Wote walituma visingizio vyao kwa mwenyekiti." Muhtasari uliposomwa, mzee mmoja kati ya hao wanne alisimama, akasema nimemwita mwongo mbele ya watu, na akataka nimwombe radhi. Sikuwa na nia hiyo hata kidogo. Kwenye kamusi ndogo ya mwanangu nimeona kisingizio ni sababu anayoitoa mtu ili asilaumiwe. Kosa langu ni lipi? Na kama kosa lipo, basi sababu, udhuru, dharura na kisingizio vinatofautiana vipi?

JIBU: Ndugu Katibu, mwombe mzee radhi kwanza, halafu rudi tuendelee. Mzee ana haki. Umemwita mwongo, tena kwa maandishi, tena kwenye muhtasari utakaowekwa kwenye faili. Neno "vyao" nalo limezidisha, lakini tuanze na lile kubwa.

Kisingizio kimetokana na kitenzi singizia, na kitenzi hicho kinatumika kwa namna mbili. Tunasema "amenisingizia wizi", maana yake amenibambikia kosa nisilolitenda. Tunasema pia "amesingizia ugonjwa", yaani anadai anaumwa na haumwi. Kamusi huzitenga maana hizi, kila moja na namba yake. Mimi naziona ni jambo moja. Kote kuna anayetwishwa mzigo usio wake: huko kwanza ni mimi, huku kwa pili ni ugonjwa, tuseme malaria. Malaria ya watu imekaa zake, haikumgusa huyo bwana, lakini ndiyo iliyotajwa mbele ya mwenyekiti kuwa imemzuia kuja.

Ukitaka kuliona hilo waziwazi, itazame methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo hatuwezi kuisema kwa neno jingine. "Mbaazi ukikosa maua hutoa udhuru wa jua" ingekufa hapo hapo. Na wengi wetu tunaikariri bila kukumbuka mbaazi ni mmea wa namna gani. Waulize wakulima wa Lindi na Mtwara, au wa Makueni na Kitui kule Kenya: mbaazi ndio mmea unaosimama wakati mahindi yamekwisha kukunja majani. Mizizi yake huzama mbali, ukame unauvumilia. Kati ya mimea yote shambani, huo ndio usiokuwa na haki ya kulilaumu jua. Nadhani waliotunga methali walikuwa wakulima, na waliuchagua mmea huo kwa makusudi. (Kwa wanaouliza kwa nini ni "ukikosa" wala si "ikikosa": methali inausema mti, yaani mbaazi huu, mibaazi hii. Zile tunazozipika kwa nazi tukala na mahamri asubuhi ni mbaazi hizi, na hizo hazina habari ya maua tena.)

Basi ulipoandika kwamba wajumbe wanne walituma visingizio, umesema wanne hao ni mbaazi.

Kuna jaribio dogo ambalo huwapa wanafunzi wangu. Chukua kila neno katika yale uliyoyataja, ulitie katika sentensi hii: "Mwenyekiti, leo sitafika, nina..." Nina sababu. Nina udhuru. Nina dharura. Yote yanakaa. Sasa sema "nina kisingizio". Watu watacheka, maana hakuna anayekitoa kisingizio kwa jina lake. Anayetoa hutoa udhuru. Anayepokea, asipouamini, ndiye anayeugeuza jina. Kisingizio ni hukumu, na hukumu hutoka kwa msikilizaji. Ile kamusi ya mwanao haikukosea sana, ila imeliacha jambo hilo, na kamusi ndogo zina tabia hiyo.

Udhuru ni neno la heshima, na heshima hiyo limekuja nayo kutoka katika Kiarabu kwa njia ya dini. Katika Ramadhani mgonjwa na msafiri wana udhuru. Wanaruhusiwa kula, na siku hizo watazilipa baadaye. Asiyepata maji ya kutawadha ana udhuru naye, atatayamamu kwa udongo safi. Huko pwani mwanamke akisema "nina udhuru" mwezi wa kufunga, mazungumzo yameishia hapo, hakuna mtu mwenye adabu atakayemuuliza ni udhuru gani. Hiyo ndiyo nguvu ya neno hili, linafunga mlango wa maswali. Anayetoa udhuru anasema kuna jambo linalokubalika na wote kuwa linamwondolea lawama, na anayeupokea anakubali kutolichimbua.

Ndiyo sababu neno hili limeingia mikutanoni. Mwanafunzi wa sekondari Kenya anapofundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano, anaonyeshwa vichwa vitatu: waliohudhuria, waliotuma udhuru, na waliokosa bila udhuru. Kwetu Tanzania ofisi nyingi huandika "wasiohudhuria kwa taarifa" na "wasiohudhuria bila taarifa". Binafsi naupenda huu mtindo wetu kwa kazi ya katibu, kwa kuwa taarifa haina tamu wala chungu. Katibu anaandika kwamba habari ilifika, basi. Kama ni ya kweli au si ya kweli, hilo si la kalamu yake.

Wanaouliza wingi wa udhuru: nyudhuru ipo, lakini mdomoni huisikii mara nyingi. Wengi husema udhuru wangu, udhuru wao, wakaacha hivyo. Na kuhusu kitenzi cha kuambatana nao, udhuru hutolewa au hutumwa. Wapo wasemao "kuomba udhuru", nami huwa nawauliza wanaombaje kitu walichonacho tayari. Kinachoombwa ni ruhusa kabla ya jambo, au radhi baada yake.

Hapa nichepuke kidogo, maana nimewahi kuona muhtasari ulioandikwa "waliotuma hudhuru". Lugha yetu ina kundi la maneno yanayofanana kwa sauti, na ni mawili tu ya mwisho yenye undugu wa kweli: udhuru, hudhuria, dhuru, dharura. Mtu anahudhuria, au anatuma udhuru, au jambo linamdhuru, au anapatwa na dharura. Ukiyasema haraka yote ni kama neno moja lenye mafua. Katika Kiarabu udhuru una herufi ya dhali, na hayo mengine yana herufi ya dhadi, ambayo ni sauti nyingine kabisa. Sisi tulipoanza kuandika kwa herufi za Kirumi tulizipa zote "dh", zikawa ndugu wa karatasi.

Dharura ni kali kuliko udhuru. Ni jambo lisilosubiri na lisiloacha chaguo. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na mfano wao maarufu ni mtu aliye karibu kufa kwa njaa, asiye na chochote ila nyamafu. Huyo anaruhusiwa kula, kwa kiasi cha kuokoa roho. Kwenye basi tunao mlango wa dharura, na haufunguliwi kwa sababu abiria amesikia joto. Lakini simu za mkononi zimelichosha neno hili. Kila jioni unapokea ujumbe: "Samahani, nimepata dharura kidogo." Dharura kidogo! Dharura haina kidogo. Aliyeandika hivyo ana shughuli, au ana uvivu, au yuko mahali pazuri zaidi, na kwa kuwa neno udhuru limekuja kuonekana la kizee, amechukua lile la ambulensi.

Sababu haina shida, na sitakaa nayo sana. Asili yake Kiarabuni ni kamba, ile ya kupandia au kufikia kitu, na mpaka leo kazi yake ni kuunganisha jambo na jambo. Sababu ya bei ya sukari kupanda haimtetei mtu yeyote. Ila ukiipunguza, ikawa kijisababu, vijisababu, dharau imeingia mara moja. Na kuna kisa, ambacho vijana wa Dar es Salaam wamekifanya kiunganishi: "Kaninunia, kisa sikumpa lifti." Kisa cha namna hiyo hakilingani na "kwa sababu". Anayesema hivyo anakuonyesha kwamba sababu ya mwenzake ni ndogo kuliko hasira yake.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza, lakini kwa kuwa umefungua mlango nitapita. Sisi tunapozungumza habari za visingizio tunatazama maneno, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na viambishi. Kiswahili kinamtunza mtu asiyetaka kulaumiwa, hata asipotaja sababu yoyote.

Mtoto amesimama jikoni, vigae viko miguuni. Anasema: "Mama, kikombe kimevunjika." Hajasema uongo. Kimevunjika kweli. Lakini angalia tofauti ya kimevunjwa na kimevunjika. Kimevunjwa kinamngoja mtendaji nyuma ya "na": kimevunjwa na nani? Kimevunjika hakimngoji mtu. Huwezi kusema, katika Kiswahili sanifu, "kimevunjika na Juma". Ile -ik- imempeleka Juma nje ya sentensi na kufunga mlango. Watu wazima nasi tunayo yetu: fedha zimetumika, faili limepotea, makosa yalifanyika. Msemaji wa taasisi akisema "makosa yalifanyika", jua ni yule mtoto wa jikoni, amevaa tai.

Halafu ipo ile ya pili, ambayo mimi naiona ni ufundi mkubwa zaidi. Umechelewa kazini, unasema: "Nimeharibikiwa na gari." Kivunje kitenzi hicho. Kuna haribu. Kuna -ik-, gari limeharibika lenyewe. Kuna -i-, limeharibika kwa kunielekea mimi. Kuna -w-, nami ndiye niliyetendewa. Kwa neno moja, mwenye gari ambaye kwa miezi mitatu hajabadilisha oili amekuwa mtendewa. Ndugu zake ni wengi: nimeishiwa mafuta, nimekatikiwa umeme, nimenyeshewa, nimezidiwa, nimebanwa. Na wale wawili wazito, nimefiwa na nimeuguliwa, ambao wanatumika kwa haki siku nyingi, na ndiyo maana wanapotumika kwa hila wanauma zaidi. Kufa na kuugua ni vitenzi vya mtu mwingine. Ni -iw- na -liw- zinazoyaleta mpaka kwangu, yakawa msiba wangu na mgonjwa wangu, na bosi akanyamaza. Sidharau. Lugha iliyotengeneza neno zima kwa ajili ya mtu aliyeondokewa imewajali watu wake. Lakini mlango ule ule wanapita na wengine.

Mfalme wa kundi hili ni "nilipitiwa". Umesahau kumpigia mtu simu, unamwambia nilipitiwa. Na nini? Hutaji. Huenda ni usingizi, huenda ni mawazo. Mambo yakiwa mabaya zaidi tunamtaja shetani: "Ni shetani tu alinipitia." Huyo naye, kwa tabia zake zote mbaya, amesingiziwa mengi.

Na matangazo ya kampuni yana -ji- yao: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu ulikuwa umejificha mahali, ukajitokeza. Hakuna aliyeuleta. Hii huwa naisoma mara mbili, kwa sababu inaomba radhi na kutoa udhuru kwa pumzi moja, na mambo hayo mawili hayakai pamoja. Anayeomba radhi amekubali kosa ni lake. Anayetoa udhuru anasema lawama si yake. Ukiyachanganya, msikilizaji hajui akusamehe nini.

Turudi kwenye swali lako, maana kuna neno moja dogo ambalo lingekuponza hata kama usingetumia visingizio. Neno hilo ni eti. "Mama Salma hakuja, anaumwa." Hiyo ni taarifa. "Mama Salma hakuja, eti anaumwa." Hapo Mama Salma ni mzima na yuko sokoni. Silabi mbili zimetosha. Wenzetu Wakenya wana "ati", nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Ninajua eti ina kazi nyingine za amani, kama kumwita mtu kwa swali: "Eti, mwalimu, hili linaandikwaje?" Lakini ikitangulia maneno ya mtu mwingine, inageuza udhuru wake kuwa kisingizio bila kulitaja neno kisingizio. Waandishi wa habari hawaandiki eti, wao wana "anadai", ambayo imevaa suti lakini inakonyeza jicho lile lile. Katika muhtasari tumia "alisema" au "alieleza". Hayo hayakonyezi.

Umenigusia pia, chini ya barua yako, suala la "kujitetea", kwamba mzee alipoanza kueleza, mjumbe mwingine alimwambia "usijitetee". Neno hili lina bahati mbaya. Mahakamani utetezi ni haki, na mshtakiwa akikutwa na kesi ya kujibu huitwa ajitetee bila mtu kumcheka. Likifika sebuleni au darasani limekuwa tusi: mtoto akifungua mdomo tu kueleza, anaambiwa asijitetee, yaani amekwisha kupatikana na hatia na anapoteza muda wa watu. Ofisini wamelikwepa wakasema kujieleza, na barua ya kujieleza, ingawa kila aliyeipokea barua hiyo anajua haitafuti hadithi. Kama ni mimi ningempa mzee nafasi ya kueleza, ningeandika "alieleza".

Kuhalalisha ni jambo tofauti, na watu wengi siku hizi wanalichanganya na kutoa sababu. Anayehalalisha hakani kitendo, wala hasemi alizuiwa. Anasema: nilifanya, na ilikuwa sawa kufanya. Ndani ya neno lenyewe imo halali, kwa hiyo nikisema "anahalalisha wizi wake" nimekwisha kusema kwamba mimi ninauona ni haramu, na yeye anajaribu kuuhamisha upande. Hapo ndipo pa kukumbuka kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Magazeti yana njia fupi ya kusema jambo hili kwa wakubwa: "kwa kisingizio cha usalama", "kwa kivuli cha maendeleo", "kwa mgongo wa dini". Yote matatu ni ya kulaumu. Nimeanza kuona na "kwa kigezo cha" likitumika hivyo, nalo silipendi. Kigezo ni kipimo, hakina kosa lolote, tusikisingizie.

Mtaani kuna mengine mengi, longolongo ya fundi anayekwambia njoo kesho, na ngonjera, ambayo zamani ilikuwa ushairi wa majibizano jukwaani na sasa ni maelezo marefu ya mtu asiyetaka kulipa deni. Kwa kikundi cha kuweka na kukopa nadhani unayajua kuliko mimi. Hayo yasikaribie muhtasari.

Kurekebisha ni rahisi. Kikao kijacho, kabla ya yatokanayo, muhtasari utathibitishwa. Hapo usimame useme sentensi ya visingizio ifutwe, na iandikwe: "Wajumbe wanne hawakuhudhuria, kwa taarifa kwa mwenyekiti." Ukipenda udhuru, basi: "Wajumbe wanne walituma udhuru." Usiongeze "wao". Wewe ndiye utakayelisema jambo hilo, usimwachie mwenyekiti, na uliseme kwa kitenzi chenye mtendaji: niliandika vibaya. Usiseme "kuna makosa ya kiuandishi yalijitokeza". Mzee huyo, kwa jinsi nilivyomsikia kwenye barua yako, atalisikia.